Heshima kwa Timu za Wanawake: Suala la Kazi, Muda na Uwanja

I. Suala Lenyewe

Katika miaka ya karibuni timu za wanawake za michezo hapa Tanzania zimepata heshima ambayo hazikuwa nayo kizazi kimoja kilichopita. Mechi zao zinatangazwa redioni na kuonyeshwa katika televisheni. Majina ya wachezaji yanatajwa vijiweni, na tena yanatajwa na wanaume. Timu inaporudi na kikombe, viongozi huenda kuilaki. Mabadiliko haya ni ya kweli na yanafurahisha. Lakini kazi ya nadharia si kulifurahia jambo tu. Kazi yake ni kuuliza jambo hilo limetoka wapi, linasukumwa na nguvu gani, na linaweza kwenda mbele au kurudi nyuma kwa sababu zipi.

Makala hii inalitazama suala hilo kutoka Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma. Tumechagua sehemu hiyo kwa makusudi. Iko mbali na viwanja vikubwa, mbali na wafadhili, na kwa miaka mingi barabara yake ya kwenda Nyakanazi ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa mvua. Anayetaka kujua kama heshima kwa timu za wanawake imefika kwa wananchi asiishie kwenye jukwaa kuu la uwanja wa Dar es Salaam. Aende mahali ambapo msichana hushuka bondeni kuchota maji kabla ya kwenda shule, na hurudi jembeni baada ya shule.

Hoja yetu ni moja. Heshima kwa timu za wanawake haikuletwa na vikombe. Vikombe vimeidhihirisha tu. Heshima hiyo imetokana na mabadiliko katika kazi na katika elimu ya mwanamke, na haitadumu wala kufika kijijini isipogeuzwa kuwa vitu vinavyopimika: muda, uwanja, vifaa na usalama.

II. Nani Alifanya Kazi, Nani Alipumzika

Michezo huhitaji muda wa ziada. Mtu hawezi kucheza isipokuwa baada ya kazi, na lazima abakiwe na nguvu kiasi. Kwa hiyo swali la kwanza katika historia ya michezo ya mahali popote ni hili: nani alikuwa na muda wa ziada?

Katika nchi ya Buha, jibu linapatikana katika historia ya kazi. Wakati wa ukoloni, Kigoma, Kasulu na Kibondo zilifanywa kuwa ghala la nguvu kazi. Vijana wa kiume walichukuliwa kama manamba kwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko. Wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuajiri manamba, SILABU, mwaka 1944, na Buha ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoipatia watu wengi. Mkoloni hakuona faida ya kujenga uchumi katika nchi ya Waha. Faida yake ilikuwa katika kuwatoa watu huko.

Je, nani alibaki akilisha familia? Mwanamke. Mume alipokuwa mkongeni kwa mkataba, mke alilima mahindi, maharage na mihogo, alitafuta kuni, alilea watoto na kutunza wazee. Mume aliporudi, sehemu kubwa ya kazi hizo ilibaki mikononi mwa mke, kwa kuwa kwa wakati ule ilikwisha kuitwa desturi. Hivyo ndivyo mazoea yaliyotengenezwa au kuzidishwa na mfumo wa kiuchumi yanavyovaa joho la mila, hata wajukuu wakadhani yalikuwapo tangu mwanzo wa dunia.

Jambo hili halikuwa la Buha peke yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilieleza bila kificho kwamba wanawake wa vijijini ndio wanaofanya kazi kuliko watu wengine wote nchini, mara nyingine kwa saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, huku wanaume wengi vijijini wakiwa na muda mwingi wa kukaa bure. Mwandishi wa Azimio hakuwa anazungumzia michezo. Hata hivyo maneno yale yanatueleza kwa nini kwa miaka mingi uwanja wa kijiji ulikuwa wa wanaume. Hakukuwa na sheria ya kumkataza mwanamke kucheza, na wala haikuhitajika, kwa sababu kazi ilimkataza.

Hapa kuna funzo jingine kutoka Kasulu hiyo hiyo. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, utawala wa Heru, Kasulu, uliongozwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Alijulikana na kuheshimiwa, ndani na nje ya Buha. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Je, kuheshimiwa kwa Mwami mwanamke kulimpunguzia mkulima mwanamke wa Heru mzigo wa kuni? La. Heshima ile ilikuwa ya cheo na ya ukoo. Iliweza kumpandisha mwanamke mmoja bila kuwagusa maelfu. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linajirudia leo katika sura mpya: taifa linaweza kumshangilia mfungaji mmoja wa kike kwa nguvu zote, na wasichana wa kijiji chake wasipate hata mpira.

III. Shule Ilivyofungua Mlango

Mlango wa kwanza wa michezo kwa wasichana wa nyanda za juu ulikuwa shule, na mchezo wa kwanza ulikuwa netiboli. Walimu waliotoka katika vyuo vya ualimu, vikiwemo vya Kasulu na Kabanga, walikwenda nao katika shule za vijijini. Ni mchezo wa gharama ndogo: nguzo mbili zenye pete, mpira mmoja, na kiwanja cha mita 30.5 kwa mita 15.25. Kila upande una wachezaji saba. Shule isiyo na fedha inaweza kuuanzisha kwa miti ya kukatwa porini na mistari ya majivu.

Lakini wasichana wangapi walikuwa shuleni? Mpaka miaka ya mwanzo ya 1970, wachache. Ndipo yakaja mabadiliko makubwa mawili. La kwanza ni kuhamia vijijini. Operesheni Kigoma ilikuwa mojawapo ya operesheni za mwanzo za kuwakusanya wananchi katika vijiji. Operesheni hizo zilikuwa na matatizo yake, hasa pale watu walipohamishwa kwa nguvu, na historia haiwezi kuyaficha. La pili ni uamuzi uliofanywa Musoma mwaka 1974 kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule apate nafasi. Kwa mabadiliko hayo mawili, watoto wa kike waliokuwa wametawanyika katika miji ya mbali mbali walijikuta katika darasa moja, katika kijiji kimoja, na mbele ya shule kukiwa na kiwanja.

Tuseme jambo hili wazi, maana ndilo kiini cha maelezo yetu. Timu si mtu mmoja mwenye kipaji. Timu ni watu saba au kumi na mmoja wanaokutana mahali pamoja kwa wakati mmoja, mara kwa mara. Mkulima anayeishi peke yake na shamba lake anaweza kuwa na mbio kuliko swala, lakini hana timu. Shule ya kijiji iliwapa wasichana kitu ambacho shamba la familia halikuweza kuwapa, yaani wenzao. Kutoka hapo yakaja mashindano ya shule na shule, kisha ya tarafa na wilaya, na mashindano ya kitaifa ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Msichana akavuka mpaka wa wilaya si kwa sababu ya kuolewa, bali kwa sababu ya kuiwakilisha shule yake. Hilo lilikuwa jambo jipya.

Hata hivyo netiboli ilipewa heshima nusu. Ilikubalika kwa sababu ilionekana kuwa mchezo wa kike, usiowanyang'anya wanaume kitu. Kiwanja chake kilikuwa pembeni. Mara nyingi mechi yake iliwekwa saa za mwanzo, kabla watu hawajajaa, ili uwanja uwe tayari kwa mpira wa miguu wa wanaume. Watazamaji walikuja kucheka na kutazama sketi. Mtu anaweza kuvumiliwa kwa miaka thelathini bila kuheshimiwa. Heshima huanza pale matokeo ya mchezo yanapowauma watazamaji: wakishindwa wanahuzunika, wakishinda wanajiona wameshinda wao.

IV. Je, Ni Suala la Mila?

Wapo wanaosema kwamba mpira wa miguu kwa wanawake ni kinyume cha mila zetu na kwamba umeletwa kutoka nje. Hoja hii inatakiwa kujibiwa kwa ushahidi, si kwa matusi.

Tuanze na Uingereza, nchi ambayo ndiyo iliyoandika kanuni za mpira wa miguu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wanaume walipelekwa vitani, na wanawake wakaingia viwandani kutengeneza silaha. Katika viwanda hivyo zikazaliwa timu za wanawake. Moja yao ilitoka katika kiwanda cha Dick, Kerr mjini Preston. Desemba 1920 timu hiyo ilicheza mjini Liverpool mbele ya watu wapatao 53,000. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1921, chama cha mpira cha Uingereza kiliwakataza wanawake kutumia viwanja vya vilabu vyake, kikidai kwamba mchezo huo haukuwafaa wanawake. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50, na iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nchini Brazili, serikali ilipiga marufuku mchezo huo kwa wanawake kwa amri ya mwaka 1941, na marufuku ikaondolewa mwaka 1979.

Mambo mawili yanaonekana hapa. Kwanza, hoja ya kwamba mwanamke hafai kucheza mpira haikutoka Buha, wala si mali ya Afrika. Ilitamkwa Ulaya na Amerika ya Kusini kwa maneno yale yale. Pili, na hili ni kubwa zaidi, timu zilizaliwa pale wanawake walipokusanyika kazini, wakalipwa mshahara wao na kuwa na saa zao za mapumziko. Zilipigwa marufuku wanaume waliporudi na wanawake wakatakiwa kurudi jikoni. Kwa hiyo mkasa wa Preston na hali ya Kasulu, ingawa vimetenganishwa na bahari na miaka mingi, vinaelezwa na kanuni moja: nafasi ya mwanamke uwanjani hufuata nafasi yake katika kazi.

Sheria nazo zina sehemu yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa hatua kubwa kwa wakati wake, lakini iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana alitakiwa kufikisha miaka 18. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Mwanamichezo na alitafakari jambo hili. Msichana wa miaka 15 ndiye hasa anayestahili kuchezea timu ya taifa ya chini ya miaka 17. Umri ule ule ambao kwa jicho la kocha ni mwanzo wa kipaji, kwa jicho la kifungu kile ulikuwa umri wa kutosha kuwa mke. Hakuna ligi inayoweza kujengwa juu ya wachezaji wanaoondolewa uwanjani kabla hawajakomaa.

V. Ushindi wa Taifa na Maana Yake

Sasa tutazame njia iliyopitiwa kitaifa. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Lakini hata kabla ya hapo, mwaka 1965, katika michezo ya kwanza ya Afrika iliyofanyika Brazzaville, Theresia Dismas aliiletea Tanzania medali ya fedha katika kurusha mkuki. Katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, wakati Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walipopata medali zao za fedha, Nzaeli Kyomo na Mwinga Mwanjala nao walikuwa katika kikosi cha taifa. Watoto wengi wa shule wanaweza kumtaja Bayi. Wangapi wanaweza kumtaja Theresia Dismas, aliyetangulia? Kusahauliwa huko ndiko kipimo cha heshima ya zama zile.

Katika mpira wa miguu, Twiga Stars walifuzu kwa fainali za Afrika za mwaka 2010 huko Afrika Kusini. Timu ya Tanzania Bara, Kilimanjaro Queens, ilichukua ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati mwaka 2016 kule Jinja kwa kuifunga Kenya katika fainali, na ikautetea Kigali mwaka 2018. Mwaka 2021 Twiga Stars walishinda kombe la COSAFA kwa kuifunga Malawi bao 1-0. Mwaka 2022 Simba Queens walikuwa mabingwa wa vilabu vya wanawake vya ukanda wetu na wakamaliza nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Mwaka uliofuata JKT Queens nao wakauchukua ubingwa huo wa ukanda. Twiga Stars wakarudi katika fainali za Afrika zilizochezwa Morocco Julai 2025, ambako walitoka sare ya bao 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi.

Lakini tukio lililogeuza mazungumzo ya vijiweni ni la mwaka 2022. Timu ya wasichana wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, chini ya kocha Bakari Shime, iliifunga Cameroon mabao 4-1 ugenini na 1-0 Zanzibar, ikafuzu kwa Kombe la Dunia nchini India. Huko ilifungwa 4-0 na Japani katika mechi ya kwanza, ikaishinda Ufaransa 2-1, ikatoka sare 1-1 na Kanada, na ikaingia robo fainali kabla ya kutolewa na Kolombia. Ilikuwa timu ya kwanza ya mpira wa miguu ya Tanzania kucheza fainali za Kombe la Dunia la FIFA. Wanaume walikuwa wameitafuta nafasi hiyo kwa miongo kadhaa bila kuipata. Wasichana wa shule ndio waliotangulia.

Je, ushindi huu ulitoka wapi? Ukifuatilia utaona nguzo tatu. Nguzo ya kwanza ni ligi. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17. Katika msimu huo wa kwanza mkoa wa Kigoma ulikuwa na timu yake, Sisterz. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa mkoa wa pembezoni, na msichana wa Kasulu aliweza kwa mara ya kwanza kuona njia inayoanzia mkoani kwake na kufika katika ligi ya taifa. Nguzo ya pili ni shule zinazolea vipaji, kama Alliance ya Mwanza. Nguzo ya tatu ni taasisi zinazotoa kazi na muda. JKT Queens ni timu ya Jeshi la Kujenga Taifa. Simba Queens na Yanga Princess zimeegemea vilabu vikubwa vyenye mapato. Katika netiboli vilevile, timu zilizodumu ni za majeshi na za mashirika ya umma. Timu ya wanawake isiyokuwa na taasisi nyuma yake huishi kwa nauli za kuchangishana, na huvunjika siku mchangiaji mkuu anapochoka.

Mlango wa nje nao umefunguka. Aisha Masaka alikwenda BK Häcken ya Uswidi mwaka 2022, kisha Brighton ya Uingereza mwaka 2024. Clara Luvanga alijiunga na Al Nassr ya Saudi Arabia mwaka 2023. Baba aliyekuwa anasema mpira unampotezea binti yake muda sasa anaona kwamba mpira ni kazi yenye mshahara. Tusidharau sababu hiyo. Wengi hubadili mawazo wanapoona riziki kabla ya kubadilishwa na hotuba. Lakini pia tusiifanye kuwa sababu pekee, maana wasichana wengi watakaocheza Kibondo na Kasulu hawatakwenda Ulaya. Haki yao ya kucheza haitegemei bei yao sokoni.

VI. Mgongano Uliobaki: Makofi na Muda

Tukirudi sasa nyanda za juu, tunakuta mgongano. Heshima imefika kwa njia ya redio, televisheni na simu. Kijana wa kiume wa Kibondo anajua matokeo ya Twiga Stars. Lakini dada yake hana timu. Anashangilia wasichana wa mbali, na jioni anamwita wa nyumbani akamletee maji ya kuoga. Huu si unafiki wa mtu mmoja. Ni mgongano kati ya mawazo yaliyokwisha kubadilika na mgawanyo wa kazi ambao bado haujabadilika.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa ndugu wawili wa nyumba moja, mvulana na msichana, wanaotoka shule pamoja saa 9 alasiri. Mvulana anaweka daftari na kukimbilia uwanjani. Jua linapokaribia kuzama amecheza saa tatu. Msichana anachukua ndoo. Kisima kiko bondeni, na foleni ni ndefu. Akirudi, kuna maharage ya kuchambua, moto wa kuwasha, na mdogo wa kubeba mgongoni ili mama amalizie palizi. Kwa siku tano za juma, mvulana amepata saa 15 za mazoezi. Msichana hana hata moja. Baada ya miaka mitano tutawaleta wote wawili mbele ya kocha, na tutasema mvulana ana kipaji cha kuzaliwa nacho.

Kutokana na mfano huu tunapata jibu kwa wale wanaosema kwamba wilaya maskini ishughulikie kwanza maji na zahanati, ndipo ifikirie mpira wa wanawake. Wanagawanya jambo moja kuwa mawili. Bomba la maji likifika karibu na nyumba, saa moja au mbili za msichana zimekombolewa. Jiko linalotumia kuni chache limemkomboa. Mashine ya kusaga na kituo cha kulelea watoto vimemkomboa mama yake, ambaye naye angependa kucheza netiboli au kuvuta kamba. Maendeleo ya maji na maendeleo ya michezo ya wanawake yako upande mmoja. Kinachotakiwa ni kuhakikisha kwamba muda uliookolewa hauchukuliwi na kazi nyingine ya nyumbani, huku kaka akiendelea kucheza.

Kuna pia hofu ya wazazi, nayo tusiibeze. Mzazi anayekataa binti yake asisafiri na timu mara nyingi hakatai mchezo. Anaogopa safari ya usiku, mahali pa kulala pasipojulikana, na mtu mzima mwenye madaraka juu ya mtoto bila kusimamiwa. Hofu hiyo ina msingi. Timu ya wasichana isiyokuwa na mlezi wa kike, isiyokuwa na mahali pa kubadilishia nguo na isiyokuwa na mtu wa kupokea malalamiko haijaheshimiwa, hata kama imepewa jezi mpya. Halikadhalika lugha. Watazamaji wanapomjadili mchezaji kwa umbo lake na mavazi yake badala ya pasi zake na nidhamu yake, wanamrudisha kule alikotoka. Mwanamume akicheza vibaya huambiwa amecheza vibaya. Mwanamke akicheza vibaya asiambiwe kwamba wanawake hawawezi.

VII. Vipimo na Wajibu

Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ina sharti ndani yake: lazima kwanza awe na kwao pa kuchezea. Kwa hiyo kada au mwanafunzi anayetaka kujua hali ya heshima katika kijiji au kata yake asiulize watu kama wanawaheshimu wanamichezo wa kike. Wote watasema ndiyo. Aulize maswali yenye majibu ya kuhesabika.

Kwanza, kwa juma moja, wasichana wanatumia uwanja wa kijiji au wa shule kwa saa ngapi, na wavulana kwa saa ngapi? Ratiba iandikwe na kubandikwa. Saa za jioni, ambazo ndizo nzuri, zigawanywe kwa haki.

Pili, katika fedha na vifaa vya michezo vya shule, mipira mingapi iko mikononi mwa wasichana? Mpira ulio kabatini kwa mwalimu usihesabiwe.

Tatu, msichana anapomaliza shule, timu yake inayofuata iko wapi? Hapa ndipo kamba inapokatika. Mvulana anapotoka shule huikuta timu ya kijiji. Msichana anapotoka shule huikuta ndoa au jembe. Timu za kata za wanawake, za netiboli na za mpira wa miguu, ndizo daraja linalokosekana kati ya UMISSETA na ligi ya mkoa. Halmashauri, vyuo vya ualimu, taasisi za umma na vikundi vya wanawake wenyewe vinaweza kuwa nguzo yake, kama JKT ilivyokuwa kwa timu yake.

Nne, nani anafundisha, nani anachezesha, nani anaamua? Wanawake waliocheza zamani wasiachwe wakae pembeni. Wapatiwe mafunzo ya ukocha na uamuzi, na waingie katika kamati za michezo kwa idadi inayoweza kushinda hoja, si mmoja wa kuandika muhtasari.

Tano, nyumbani, nani anachota maji siku ya mazoezi? Swali hili linaonekana dogo, na ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu haliwezi kutatuliwa kwa waraka. Linatatuliwa na baba anayemwambia mwanawe wa kiume achukue ndoo, na kwanza na baba mwenyewe anayeichukua. Kiongozi anayehutubia juu ya usawa uwanjani, na nyumbani kwake binti ndiye peke yake anayeosha vyombo, hana hoja mbele ya vijana. Wao humtazama anavyoishi kabla ya kumsikiliza.

Serengeti Girls walipoishinda Ufaransa, wananchi wa Kasulu na wa Dar es Salaam walifurahi kwa furaha moja. Furaha hiyo ni mtaji wa kisiasa na kijamii. Mtaji usipowekezwa huliwa ukaisha. Tukiuacha, baada ya miaka michache wachezaji wale watasahauliwa kama alivyosahauliwa Theresia Dismas, na tutasubiri bahati nyingine. Tukiuwekeza katika ratiba ya uwanja, katika timu za kata, katika bomba la maji na katika ndoo inayobebwa kwa zamu, basi msichana wa Kibondo hatahitaji kuwa wa ajabu ili aheshimiwe. Atatosha kuwa mchezaji tu, kama kaka yake.